Maswali yenu kuhusu Taita Taveta, nayajibu moja moja

Tangu niseme naandika kuhusu kwetu maswali hayajakoma, wengine mnauliza simba, wengine mnauliza njia, na kuna mmoja ameuliza kama Voi ni kaunti. Voi ni mji tu ndugu yangu. Kaunti ni Taita Taveta, namba 006, na ukitaka kuishika kichwani haraka shika miji minne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Haya, nimechukua maswali yaliyorudiwa zaidi.

Swali (Kisauni, Mombasa): Nimepita Voi na basi za Nairobi miaka mingi, tukishuka ni choo na chai alafu tunarudi ndani. Kwani kuna nini huko zaidi ya ndovu?

Siku ingine ukitoka Mombasa kabla hujafika Voi angalia mkono wako wa kushoto. Utaona mlima umesimama karibu na mji, huo ni Sagalla, na nyuma yake kwa mbali kuna safu ingine ya buluu imefunikwa na mawingu, hiyo ndio Dawida, milima ya Taita yenyewe. Watu wengi wanadhani sisi tunaishi nyikani na ndovu, kumbe wengi wetu kwao ni juu kule kwenye mawingu.

Cha kufanya ni kushuka Voi, unapanda matatu ya Wundanyi. Mpaka Mwatate ni nyika tu, mbuyu hapa na pale, shamba kubwa la mkonge limenyooka mistari mpaka macho yanachoka, joto lile la Voi bado liko nawe. Baada ya Mwatate barabara inaanza kupanda na kona zake, dereva anapiga honi kila kona, na yule mama aliyekaa dirishani anaanza kufunga kioo bila kuambiwa na mtu. Anajua. Manake ukifika Wundanyi umetoka kama mita 600 kwenda karibu mita 1,400 juu ya bahari na ile shati umelowa jasho Voi sasa inakutia baridi. Huku juu kuna migomba, maparachichi, mboga zimepandwa kwenye ngazi za mlima, maji yanashuka kando ya barabara. Kilele cha juu kabisa ni Vuria, mita 2,208. Ni safari fupi mno kwa mabadiliko makubwa hivyo, mimi nimeizoea tangu utotoni na bado nikifika ile kona ya kwanza ya baridi nafurahi.

Alafu ule msitu uliobaki huko juu, Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo vidogo, ni wa ukoo mmoja na Usambara na Upare kule Tanzania, ni mlolongo mmoja wa milima ya zamani sana na sisi ndio ncha yake ya kaskazini, hapa Kenya hakuna mingine. Kwa sababu msitu umekaa peke yake katikati ya nyika kavu kwa muda mrefu hivyo, kuna viumbe haviko pahali pengine popote duniani. Kuna ndege wetu wenyewe, kuna kurumbiza wa Taita ambaye mdomo wake ni wa rangi ya chungwa, na kuna ua dogo la zambarau linaota lenyewe Mbololo tu, ndugu yake yale mnaona yanauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya. Shida ni kwamba msitu wenyewe umebaki vipande. Ngangao haifiki ata kilomita mbili za mraba. Ukienda nenda na mtu wa huko, tembea pole pole, na using'oe kitu.

Swali (Kitale): Ile hadithi ya simba wala watu wa Tsavo ni ya kweli ama ni chumvi?

Ni ya kweli, chumvi iko kwenye hesabu.

Mwaka 1898 reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika mto Tsavo na pale wakahitaji daraja. Msimamizi alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza, mzaliwa wa Ireland, anaitwa John Henry Patterson. Kuanzia Machi mpaka Disemba simba wawili, wote madume na wote hawana manyoya ya shingo, wakawa wanaingia kambini usiku wanavuta watu kwenye mahema. Watu walijenga boma za miiba, wakawasha moto, wengine wakalala juu ya miti, simba wanapita tu. Ikafika mahali wafanyikazi wakapanda treni ya kurudi Pwani na kazi ya daraja ikasimama. Patterson alimuua wa kwanza tarehe 9 Disemba na wa pili siku 20 baadaye.

Sasa hesabu. Patterson mwenyewe baadaye alisema waliliwa watu 135. Watafiti wamechunguza mifupa na nywele za wale simba, mwaka 2009 wakasema ni kama 35 hivi. Walikuta pia mmoja alikuwa na jino bovu sana, na simba mwenye jino bovu hawezi kung'ang'ana na nyati. Ongeza na ule ukame wa miaka ya 1890, ongeza tauni ya ng'ombe iliyomaliza ng'ombe na wanyama wa pori, unaona jinsi mambo yalivyofika pale.

Kitu kinachoniuma mimi kwenye hadithi hii ni kingine. Tunajua jina la aliyepiga risasi, tunajua urefu wa simba, tunajua ngozi zake zilikaa kama zulia miaka mingi alafu mwaka 1924 zikauzwa kwa makumbusho ya Field kule Chicago kwa dola 5,000 na mpaka leo wako pale kwenye kioo. Lakini wale walioliwa? Vibarua wa Kihindi angalau kuna orodha walizoandikiwa, Waafrika wengi ata hawakuhesabiwa. Ndio maana mpaka leo watu wanabishana 35 ama 135. Ukipita kwenye daraja la Tsavo na treni, wakumbuke hao kwanza.

Swali (Moshi): Shikamoo. Huku kwetu wazee wanasema Mjerumani alivuka akachukua Taveta. Ilikuwaje?

Marahaba. Wazee wako wako sawa kabisa. Tarehe 15 Agosti 1914, vita hata mwezi havijafika, jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka upande wenu likaichukua Taveta. Ilikuwa kipande cha kwanza cha ardhi ya Waingereza huku kwetu kuchukuliwa, na walikaa nacho mpaka Machi 1916. Lengo lao lilikuwa ile reli ya Mombasa inayopita Voi, wakawa wanatuma vikosi vidogo vidogo usiku vinavuka nyika bila maji kwenda kutega baruti kwenye reli.

Waingereza nao wakaanza kujenga reli ingine ya haraka kutoka Voi kwenda Maktau kuelekea Taveta, mwaka 1915. Bila reli huwezi kupeleka maji ya wanajeshi maelfu kwenye nyika ile. Ndio hiyo baadaye ilipelekwa mpaka ikaungana na reli yenu upande wa Kahe, kwa hiyo reli ya Voi na Moshi ni mtoto wa vita.

Ukitoka Taveta kuja Voi, kama kilomita 10 hivi, kuna kilima kimekaa peke yake kwenye tambarare, kinaitwa Salaita. Ukikiona huwezi kusema kilizuia jeshi. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini, vijana wageni kabisa hawajawahi kupigana huku, walitumwa kukichukua. Mizinga ikapiga kileleni asubuhi. Wajerumani hawakuwa kileleni, walikuwa wamechimba mahandaki chini kwenye miguu ya kilima ndani ya vichaka, na askari wao wengi walikuwa Waafrika waliojua nyika. Wale vijana walirudishwa nyuma vibaya, na waliokuja kuwaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao siku chache kabla walikuwa wanadharauliwa kwa rangi yao. Mwezi uliofuata ikapiganwa Latema na Reata, vile vilima viwili nyuma ya Taveta, na ndio Wajerumani wakaondoka.

Pale karibu na Salaita kuna mbuyu mkubwa una matundu ya risasi, wenyeji wanakuambia mwanamke wa Kijerumani alikuwa anajificha ndani anapiga Waingereza kulipiza mumewe. Hiyo ni simulizi, mimi naipenda lakini nakupa kama simulizi. Ukifika Taveta ingia makaburi ya vita, ukifika Maktau kuna ya Wahindi, ukifika Voi utaona kaburi la Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyepigwa mguu karibu na Maktau Septemba 1915 akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake walioshindwa kutembea, na akafa nao pale.

Alafu utafute kaburi la wapagazi. Hutaliona. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwenye vita vile kwa njaa, kuhara na malaria huku wamebeba mizigo ya watu wengine, pande zote mbili. Jina lao la kazi ndio limebaki kwenye Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar, kile kikosi kiliitwa Carrier Corps na watu wakatamka walivyoweza.

Swali (Eldoret): Nasikia Wataita waliweka mafuvu ya watu kwenye mapango. Ni uchawi?

Hapana, na nitakujibu taratibu kwa sababu hili swali tumeulizwa na watu wengi kwa dharau, ingawa wewe naona umeuliza kwa nia nzuri.

Zamani mzee akifa alizikwa. Baada ya muda, mwaka na zaidi, ukoo ulikaa wakafukua wakachukua fuvu peke yake wakalipeleka kwenye pango la ukoo, chini ya mwamba, wakalipanga na wale waliotangulia. Tunapaita ngomenyi. Mtu alikuwa hajaondoka nyumbani, amehama chumba tu. Kukiwa na shida, ukame, ugonjwa, ugomvi usioisha, wazee walienda pale kuongea nao. Desturi ilikufa dini za kigeni zilipokuja, wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki wakafuata Bura, na polepole watu wakaanza kuzika na kuacha.

Nilipokuwa kama miaka tisa nyanya yangu alinipeleka kukata majani ya ng'ombe karibu na mwamba mmoja. Alipofika pale akashusha sauti, kama unavyofanya ukipita mlangoni kwa mgonjwa. Nikachungulia. Yako yamepangwa kwenye rafu ya jiwe, mengine yameota kijani kidogo, yote yanaangalia nje upande wa mashamba. Nyanya ni Mkristo wa kwaya, lakini alisema "hawa ndio wenye shamba" na tukaendelea na kazi. Sikuogopa hata kidogo.

Na kuna jambo lingine la kale ningependa mlijue kuliko mafuvu, linaitwa kutasa. Wataita waliamini hasira iliyofichwa moyoni ndio inaleta magonjwa na kuharibu mvua, hasira ya mtu, ya mzee, ata ya waliokufa. Dawa yake ni kuitoa. Mzee anachukua pombe ya miwa ama maji mdomoni, anatema kwa kupuliza huku anataja maneno ya baraka, anasema wazi kwamba moyo wake umetulia. Dini nzima imejengwa juu ya kuacha kinyongo. Nikiambiwa huo ni ushenzi nashindwa kuelewa.

Mapango mengine yanaweza kutembelewa ukiwa na mwenyeji na ukiomba ruhusa kwa ukoo wenyewe. Usiguse, na picha uliza kwanza.

Swali (Nairobi): Nina watoto wawili na siku tatu. Nipange vipi?

Panda treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati, ile ya haraka inapitiliza, teremka Voi. Siku ya kwanza mbuga ya Tsavo Mashariki, geti liko hapo hapo Voi. Ndovu watoto watauliza kwa nini ni wekundu, waambie ni udongo, wanajipaka na kujimwagia vumbi. Hakikisha umelipia kwenye simu kabla kwa sababu getini hawapokei kesh.

Siku ya pili panda Wundanyi, hiyo niliieleza juu, watoto wabebe sweta.

Siku ya tatu ukiwa na gari nenda Taveta, barabara ni lami siku hizi. Ziwa Chala ndio la kuona. Unatembea kwenye nyasi kavu huoni kitu, alafu ghafla ardhi inakatika na chini huko kuna ziwa la mviringo rangi ya buluu inabadilika kuwa kijani, ni shimo la volkano, na nusu yake ni Tanzania. Maji yanakuja chini kwa chini kutoka upande wa Kilimanjaro. Msiogelee. Kuna mamba, na mwaka 2002 msichana mgeni aliuawa pale, kwa hiyo mtu akikuambia hakuna shida usimsikize.

Ukipata siku ya nne peleka watoto Mzima, Tsavo Magharibi. Mvua inanyesha kwenye milima ya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inatembea chini kwa chini kilomita nyingi inatokea Mzima safi kama kioo, viboko wako ndani na kuna chumba cha vioo chini ya maji unawaangalia samaki. Maji hayo ndio mnakunywa Mombasa, bomba lilijengwa miaka ya 1950. Linapita kwetu, na mpaka leo kuna mama kando yake anayesukuma mitungi kwa mkokoteni.

Swali (Mwatate): Nimezaliwa hapa. Wageni wanakuja, pesa ya mbuga inapita, sisi ndovu wanakula mahindi. Hii historia inatusaidia nini?

Wewe ndio umeuliza swali la kwetu sote. Kaunti ina kilomita za mraba kama 17,000 na kama asilimia 62 yake iko ndani ya Tsavo. Toa hiyo, toa mashamba ya mkonge na ranchi, angalia kinachobaki kwa watu zaidi ya 340,000 waliohesabiwa mwaka 2019.

Kwa hiyo historia inakusaidia kujua kwamba hukuanza wewe kulalamika. Ardhi ya chini ilianza kuchukuliwa na walowezi kabla hata mbuga haijatangazwa mwaka 1948. Miaka ya mwisho ya 1930 wazee wetu, kina Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi, waliunda Taita Hills Association wakakataa kunyang'anywa ardhi na kulazimishwa kupunguza mifugo. Mwaka 1940 serikali ya mkoloni ilipiga marufuku vyama vitatu kwa pamoja, cha Wakikuyu, cha Wakamba na hicho chetu, na viongozi wakawekwa kizuizini. Shuleni mimi nilifundishwa viwili vya kwanza, cha tatu nikakisikia kwa babu. Hilo nalo nataka mtoto wa Mwatate alijue kabla ya jina la Patterson.

Kuhusu ndovu sina jibu la haraka. Mkulima akilala macho wiki mbili shambani alafu usiku mmoja akasinzia, asubuhi hakuna kitu, na fidia inachukua muda ambao njaa haisubiri. Mgao wa mapato ya mbuga ubaki mezani mpaka upatikane, na mimi nitaendelea kuandika.

Swali (Nairobi, River Road): Ile Tsavorite inatoka huko kweli?

Ndio. Jiwe la kijani, adimu kuliko zumaridi. Campbell Bridges, mjiolojia Mskoti, alilipata kwanza Tanzania mwaka 1967, alafu miaka michache baadaye akalipata upande wetu karibu na Tsavo. Jina lilitolewa mwaka 1974 na kampuni ya Tiffany ya Marekani. Bridges mwenyewe aliuawa mwaka 2009 kwenye mzozo wa machimbo. Ukija kununua usinunue kando ya barabara kwa mtu anayekufungulia karatasi, vipande vya chupa ya kijani navyo vinang'aa.

Swali (Doha): Baba yangu alikuwa wa Rukanga, Kasigau. Amefariki na sijawahi kufika. Nikija likizo nianzie wapi?

Pole sana kwa msiba dada yangu. Rukanga iko chini ya mlima Kasigau, ukitoka Mombasa unakata kushoto pale Maungu kabla ya Voi, barabara ni ya vumbi, boda na matatu zipo. Mlima wenyewe utauona mbali, umekaa peke yake, jiwe tupu ubavuni na msitu kichwani. Vijiji vimeuzunguka: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe, na kuna banda za jamii unaweza kulala.

Kabla hujaja ujue jambo moja ambalo labda baba hakukusimulia. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani waliopita kwenye mlima wao. Wakachukuliwa wote, wazee na watoto, wakapelekwa Malindi. Watu wa mlima wakawekwa kwenye joto la Pwani na malaria wasiyoizoea, na wengi sana walikufa huko. Vita viliisha lakini mlima hawakurudishiwa, waliruhusiwa kurudi kwao miaka ya 1930. Kwa hiyo mtu mzima wa Rukanga leo, nyanya yake ama babu yake huenda alizaliwa mbali na mlima akauona kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa, kama wewe sasa.

Ukifika usianze na picha. Uliza nyumba ya ukoo wa baba yako, taja jina lake lote na la baba yake, alafu kaa chini. Kina mama pale wanasuka vikapu vya mkonge mchana chini ya mti, wakae nao. Atatokea mmoja ataacha kusuka, atakuangalia usoni muda mrefu, atataja mtu unayefanana naye.